Goma: kazi ya mikono ni ya mtoto, si ya mama yake

Mwisho wa trimesta unapokaribia, wauzaji wa fagio katika soko ya Virunga wanajua bila kuangalia kalenda. Mama wanafika jioni, kwa haraka, wakitafuta fagio, kitunga kidogo, mkeka ao mwiko wa kusongea bugali. Si vitu vya nyumbani. Ni vya mtoto aliyerudi kutoka masomo na kusema: «Mama, mwalimu amesema kesho kila mtu alete kazi ya mikono.» Mama anauliza: «Kazi gani?» Jibu linakuja: «Fagio ao kitunga. Asiyeleta atapata sufuri.» Mama anahesabu franka alizoweka kwa ajili ya sambaza za jioni, anazipunguza, na asubuhi mtoto anapeleka shuleni kitu ambacho hakukigusa ila kwa kukibeba. Mwalimu anakiweka pembeni na vingine, anaandika pointi. Kwenye buletini inasomeka kwamba mtoto huyo anajua kazi ya mikono.

Pointi hizo ni za nani? Za mama aliyelipa, ao za mzee aliyekaa juu ya mlima huko Masisi akisuka kitunga hicho kwa siku mbili? Mtoto hayumo ndani ya hesabu hiyo.

Wazazi wengi wa Goma wamezoea jambo hili kiasi kwamba hawaoni ubaya wake. Wao wenyewe walipeleka fagio walipokuwa darasa la nne. Lakini kuzoea hakufanyi kitu kiwe somo. Programu ya taifa ya shule za msingi inaweka kuchora na kazi za mikono kati ya mambo ambayo mtoto anapaswa kufundishwa, na kufundishwa ni jambo linalofanyika darasani, mwalimu akiwepo, mtoto akikosea na kuanza upya. Fagio iliyonunuliwa sokoni haimfundishi mtu lolote, ila labda hili moja: kwamba pointi zinanunuliwa. Mtoto wa miaka minane akijifunza hilo mapema namna hiyo, asishangaliwe atakapokuwa mkubwa akitafuta kazi ya ofisi.

Tena kuna upande wa feza. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo, na wazazi wengi walipumua. Lakini mzazi mwenye watoto watano kwenye shule moja, kila mmoja akiombwa kitu mwisho wa trimesta, anajua kwamba ada iliyotoka kupitia mlangoni imerudi kupitia dirishani. Haina risiti, haisemwi katika kikao cha wazazi, haiandikwi popote. Na mtoto ambaye nyumbani hakuna kitu siku hiyo anapata sufuri, si kwa sababu hajui kuchora ao kusuka, bali kwa sababu mama yake hakuuza vizuri.

Walimu wasibebeshwe lawama yote. Mwalimu wa Goma anasimama mbele ya watoto sabini, themanini, mara nyingine zaidi ya mia, kwa sababu masomo ya bure yalijaza madarasa bila kuongeza vyumba. Mshahara wake ni mdogo, na baada ya M23 kuingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, hata kuupata huo mdogo kukawa safari. Hana karatasi, hana rangi, hana makasi. Ratiba ya wiki inamwonyesha saa ya kuchora, lakini mtihani wa taifa wa mwisho wa masomo ya msingi, ambao watu wengi bado wanauita TENAFEP, unauliza Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Hakuna inspekta atakayemwuliza kwa nini watoto wake hawajui kuchora. Atamwuliza ni wangapi wamepita. Basi saa ya kuchora inaliwa na hesabu, na mwisho wa trimesta, pointi zikihitajika kujaza buletini, fagio zinaitwa.

Wapo pia walimu wanaojaribu. Lakini mara nyingi wanachofanya ni hiki: mwalimu anachora nyumba ubaoni, mraba mmoja, pembetatu juu, mlango katikati, madirisha mawili na bomba la moshi kwenye paa. Darasa lote linaiga. Watoto themanini, nyumba themanini, zote na bomba la moshi, wakati hakuna mtoto hata mmoja kati yao anayelala katika nyumba yenye bomba la moshi. Wanalala katika nyumba za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, paa la manjanja, mlango wa mbao uliofungwa kwa kufuli. Nyumba hizo hawazichori kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba zinafaa kuchorwa.

Katika Kongo hii hii, katika mji mwingine unaosema Kiswahili, mtu mmoja alilifikiri jambo hilo miaka 80 hivi iliyopita. Mwaka 1946, Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali pa kuchora palipojulikana kwa jina la Le Hangar. Sheria yake ilikuwa fupi: hakuna kuiga picha za Wazungu. Kila mtu achore alichokiona mwenyewe, kwa namna yake. Bela alichora kwa vidole, bila burashi. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa mistari mifupi mifupi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kazi zao zilivuka bahari na ziko leo ndani ya majumba ya makumbusho. Mzungu huyo alikuwa na mawazo ya wakati wake juu ya Waafrika, na si yote ya kusifiwa. Lakini juu ya hili la kutowapa watu picha ya kuiga, aliona vizuri kuliko ratiba nyingi za leo.

Na mtoto wa Goma ana cha kuchora, tena ana mikono. Ukitaka kujua, usimfuate darasani. Mfuate saa tisa mchana, akiisha kuvua unifomu. Pale Mabanga, Majengo ao Ndosho, utamkuta ameketi juu ya jiwe jeusi na kisu kisichokata vizuri, anakata bido kuukuu ya mafuta. Ndani ya saa moja bido imekuwa lori. Vizibo vya chupa vimekuwa magurudumu, waya uliookotwa nyuma ya gereji umekuwa usukani mrefu unaomwezesha kuliendesha akiwa amesimama. Mwenzake anafunga karere juu ya karere na kamba ya mgomba mpaka mpira unadunda. Dada yao anamvalisha gunzi la muhindi kipande cha kikwembe alichokiomba kwa mshonaji, na gunzi limekuwa mtu mwenye jina.

Tena kuna chukudu. Mgeni anayefika Goma anaona ile sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu akisukuma chukudu chake, na anaipiga picha. Watoto hawapigi picha, wanatengeneza. Chukudu cha mtoto ni mbao mbili, magurudumu mawili ya mti, mpira wa tairi la zamani uliopigiliwa kwa misumari ili gurudumu lisiliwe na mawe, na mara nyingine kipande cha kandambili kama breki. Anayekitengeneza amelazimika kujua kwamba gurudumu lisilo duara kamili litamwangusha, kwamba tundu la katikati lisipokuwa katikati kweli chukudu kitayumba, kwamba mti laini unavunjika na mti mgumu ni mzito kupanda nao kilima. Hilo ni somo la jometria, na amelifanya peke yake, bila mtu kumpa pointi. Kesho yake asubuhi mtoto huyo huyo anaingia darasani na fagio ya kununua, na mwalimu anampa saba juu ya kumi kwa fagio. Chukudu amekiacha nje ya geti, kwa sababu michezo hairuhusiwi ndani ya kiwanja cha shule.

Mtu atasema: lakini hakuna vifaa. Neno hilo lina ukweli kuhusu rangi za dukani na karatasi nyeupe. Halina ukweli kuhusu Goma. Mji huu unajengwa kila siku, na kila fundi mwashi anabaki na mifuko mitupu ya simenti; ukiifungua na kuipangusa, ndani kuna karatasi ya kahawia, kubwa na ngumu, inayotosha watoto wanane kuizunguka. Makala yako katika kila jiko, na kipande cha makala kinachora vizuri kuliko krayo nyingi. Darasa la kwanza wana ardwazi na chaki. Mafundi wa mbao wanatupa vipande, washonaji wanatupa vitambaa, na ufuko wa Kituku unaleta plastiki hata isipoombwa. Udongo wa kufinyanga ndio mgumu kupata, kwa sababu mji umekaa juu ya lava. Lakini changarawe ya volkano inapatikana nyeusi na nyekundu, na ikipangwa juu ya ubao wenye gundi inatoa picha. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumpa kila mmoja karatasi yake. Anaweza kuwa na vikundi kumi na mifuko kumi ya simenti.

Hapo ndipo swali la nini kichorwe linapokuwa kubwa. Chukua jambo moja ambalo kila mzazi wa upande wa Himbi, Bulengo, Lac Vert mpaka Sake analijua: mazuku. Hewa hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatoka ardhini na kulala katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema upepo usipovuma. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu ya hewa hiyo. Mtoto mfupi anayemfuata nyuma anaivuta. Sasa fikiria darasa la tatu, vikundi kumi, kila kikundi kinachora mtaa wake juu ya mfuko wa simenti: nyumba, kanisa, bomba la maji, duka, njia ya kwenda shuleni, na shimo ambalo wakubwa wamekataza kushuka ndani yake. Kila mtoto anaonyesha anachokijua, na asiyekijua anakiona kwa mwenzake. Ramani hiyo ikibandikwa ukutani mwaka mzima, mtoto aliyehamia mtaani juzi, na Goma ina watoto wengi waliohamia juzi, atajua pa kutochezea. Fagio haiwezi kufanya kazi hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na watu karibu 120,000 wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena upande wa Buhene, watu zaidi ya 30 wakafa, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, familia zikaelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, watoto wengine wakipotezana na wazazi njiani. Watoto wa darasa la sita wa leo walikuwa wadogo sana wakati huo; wadogo zao hawakuona lolote. Kuchora njia ya kukimbilia, kupaka rangi za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, kuchora mahali familia itakutana ikitawanyika: hayo yote yanaingia katika saa ya kuchora, na kichwa cha mtoto hushika picha aliyoichora mwenyewe kuliko karatasi ya tangazo aliyopewa.

Juu ya vita, tahadhari inahitajika. Katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo, kabla hazijabomolewa mwanzoni mwa 2025, watoto wengi walipewa karatasi na rangi na kuambiwa wachore. Kwa mtoto aliyeona mambo makubwa kuliko maneno yake, kuchora ni msaada, na wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu wastahili heshima. Lakini kuna namna nyingine ambayo Goma imeiona mno: mgeni anakuja, watoto wanaambiwa wachore vita, bunduki inachorwa, picha inapigwa, karatasi inaondoka na kwenda ndani ya ripoti ya ofisi ya mbali. Mtoto hairudishiwi. Anajifunza kwamba kidonda chake ndicho kitu pekee chake ambacho watu wanataka kukiona. Akichora ng'ombe, ao motari amebeba godoro, ao bibi yake anakaanga mandazi, hakuna anayeipiga picha hiyo. Shuleni iwe kinyume. Anayetaka kuchora helikopta achore, wala mwalimu asimkatize. Anayetaka kuchora ng'ombe wa Masisi asiulizwe vita viko wapi. Na karatasi ni mali ya aliyeichora; ikitoka ukutani, iende nyumbani kwake.

Wakubwa wa elimu wanaofikiri kwamba jambo hili ni dogo watazame Kenya. Huko mtaala mpya unaojulikana kama CBC ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019, na nia yake ilikuwa nzuri: mtoto afanye kwa mikono, abuni, asikariri tu. Lakini kazi nyingi zikapelekwa nyumbani. Wazazi wakalalamika kwamba wanakesha usiku wakikata, wakigundisha na kununua vitu ili asubuhi mtoto apeleke «kazi yake». Malalamiko yakawa ya nchi nzima, yakaingia katika siasa, na mwaka 2022 Rais William Ruto akaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu kuangalia mtaala huo. Mwaka uliofuata ikapendekeza masomo yapunguzwe na mengine yaunganishwe. Kenya ina vifaa kuliko Goma. Hata hivyo kazi ya mtoto iliposhuka kutoka darasani kwenda nyumbani, ilifika mikononi mwa mama. Ndivyo itakavyokuwa popote. Mzazi hatakubali mtoto wake apate sufuri.

Kwa hiyo kinachotakiwa si programu mpya wala mradi wa dola. Ni maamuzi ambayo direkta wa shule anaweza kuyachukua Jumatatu asubuhi pamoja na walimu wake. Kazi ya mikono ifanyike darasani, ndani ya saa yake, na kisichofanyika darasani kisipewe pointi. Kisinunuliwe chochote. Saa hiyo isiliwe na hesabu, hata katika darasa la sita, ambako hofu ya mtihani ni kubwa. Na kama hesabu inataka kuingia, iingie kupitia gurudumu, kamba na msumari wa kuchorea duara. Mara moja kwa trimesta aitwe fundi wa chukudu, ao mchoraji wa majina ya maduka, ao mama anayesuka, akae na watoto kwa saa moja. Mafundi hao wanaishi nyuma ya ukuta wa shule. Nyumba kama Yole!Africa na Foyer Culturel zimewafundisha vijana wengi wa mji huu sanaa, lakini mtoto wa miaka saba wa Ndosho hawezi kufika huko peke yake. Shule ndiyo anayofika kila siku.

Na inspekta anapotembelea darasa, pamoja na kufungua daftari la maandalizi ya mwalimu, atazame ukuta. Akikuta nyumba themanini zenye bomba moja la moshi, aulize.

Kuhusu fagio, ukweli usemwe. Shule zinazihitaji. Madarasa yana vumbi, hasa wakati wa kiangazi, na hakuna feza ya kuzinunua. Hilo ni shida halali, na wazazi wa Goma hawajawahi kukataa kusaidia shule walipoambiwa wazi. Komite ya wazazi iitwe, iambiwe shule inahitaji fagio ngapi kwa mwaka, bei ihesabiwe mbele ya wote, na asiye na uwezo asamehewe bila kutajwa. Ziandikwe kwenye daftari la matumizi ya shule kwa jina lake: fagio. Zitoke kwenye buletini ya mtoto.